Umahiri wa fasihi ya Kifaransa ukiwa na B2

Ndugu, nimekuelewa: una shahada ya kwanza na DELF B2 (cheti cha Kifaransa cha kiwango cha juu ya kati), unauliza kama uombe shahada ya umahiri ya fasihi Ufaransa sasa au usubiri. Vyuo vingi hupokea B2, ila kwa fasihi ningekushauri ufike C1, kiwango kinachofuata, kwanza, maana tasnifu nzima utaiandika kwa Kifaransa. Cheti cha DALF, kinachothibitisha C1 na C2, hakiishi muda. Matokeo ya TCF, mtihani mwingine wa kupima Kifaransa, hudumu miaka 2 tu, usiufanye mapema mno.

Kinachoangusha wengi ni pendekezo la utafiti. “Mwanamke katika riwaya za Afrika” ni pana kupita kiasi. Chagua riwaya 2, swali moja, kisha soma makala za mhadhiri unayemtaka kabla hujamwandikia. Kama unalenga ualimu, iulize kwanza mamlaka ya elimu nchini kwako kama shahada hiyo inatambulika.