Naanza kwa Ari, Naishia Njiani: Je, Huu ni Unafiki?

SWALI:

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wangu, kila mwaka hujiwekea malengo: kuhifadhi Qur'ani, kusimama usiku, kufunga Jumatatu na Alhamisi, kumaliza masomo yangu ya uhasibu, na kupunguza simu. Naanza kwa kishindo, lakini ni nguvu ya soda; wiki mbili tatu nimeshaacha. Mwaka huu nilijipangia kuhifadhi kurasa mbili kila siku. Nikakosa siku mbili, nikaona haya hata kuufungua msahafu. Hili la simu niliapa kabisa, "Wallahi sishiki simu baada ya Isha," na nikaishika. Nimesikia aya ya mwanamke aliyefumua uzi wake, na hadithi ya mnafiki kuwa akiahidi hatimizi, nikajiona ndiye mimi. Je, mimi ni mnafiki? Na nifanye nini ili ari yangu isizimike?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu yangu, nianze na hilo lililokuumiza zaidi. Uliyoyaeleza si unafiki. Wanazuoni walipoifafanua hadithi ya alama za mnafiki walisema kuwa anayekusudiwa katika kuvunja ahadi ni yule anayeahidi huku moyoni ameshakata shauri kuwa hatatimiza. Wewe ulikusudia kutimiza, ukaanza, kisha ukazidiwa. Huo ni udhaifu, na udhaifu una dawa yake.

Wala si wewe wa kwanza kuogopa hivyo. Handhala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alikutana na Abu Bakr (r.a.), akaulizwa hali yake. Akajibu: "Handhala amekuwa mnafiki!" Abu Bakr akashangaa. Handhala akaeleza kuwa wakiwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akiwakumbusha Pepo na Moto, huwa kama wanaviona kwa macho. Wakishatoka, wanashughulika na wake, watoto na mali, na mengi wanayasahau. Unadhani Abu Bakr alimkemea? Alisema: "Wallahi, nasi yanatupata kama hayo." Wakaenda wote wawili kwa Mtume (s.a.w.), naye akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. "Lakini, ewe Handhala, saa ya hali hii na saa ya hali ile." Akalirudia mara tatu. Hadithi hii ameipokea Muslim. Basi ikiwa Abu Bakr naye alikuwa na saa zake, wewe na mimi tunadai hali ambayo maswahaba hawakupewa.

Ama ile aya ya mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti, ni aya ya 92 ya Suratun Nahl. Isome pamoja na aya iliyo kabla yake, utaona kuwa inazungumzia ahadi za Mwenyezi Mungu na viapo vilivyotiliwa nguvu, na watu waliovifanya viapo vyao kuwa njia ya kudanganyana. Azma ya moyoni ya kuhifadhi au kusimama usiku, ambayo hukuitamka kwa kiapo wala nadhiri, haiingii humo. Kiapo chako cha simu kina hukumu yake, nitakuja nacho mwishoni.

Sasa nije kwenye hilo la ari isizimike. Hapa naona swali lenyewe linahitaji kunyooshwa. Umenitaka nikupe njia ya kuifanya ari isipoe, na njia hiyo haipo. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Abdullah bin Amr aliyoipokea Imam Ahmad na Ibn Hibban: "Kila amali ina wakati wa kuchangamkiwa, na kila mchangamko una wakati wa kupoa. Basi ambaye kupoa kwake kumeishia katika Sunna yangu ameongoka, na ambaye kupoa kwake kumeishia penginepo ameangamia." Yatafakari vizuri maneno haya. Kupoa kumetajwa kuwa ni jambo litakalokuja kwa kila amali, hata ile nzuri. Kilichotofautisha aliyeongoka na aliyeangamia ni mahali walipofikia baada ya kupoa.

Mtu anayeweka malengo huwa anayaweka siku ambayo moyo umejaa. Ametoka kusikiliza mawaidha, au Ramadhani imeandama, au mwaka mpya umeingia. Anapanga kwa nguvu za siku hiyo, kisha anataka siku nyingine zote zimlipe kwa kiwango hichohicho. Kwa hiyo, mpango wa kurasa mbili kwa siku una kasoro moja: haukusema lolote kuhusu siku ya homa, siku ya safari, wala siku ambayo umerudi kazini umechoka hata kuoga ni shida. Siku kama hiyo ilipokuja, ulikuwa na njia mbili tu, kurasa mbili au hakuna kabisa. Ukaenda kwenye hakuna.

Tazama jinsi Mtume (s.a.w.) alivyolishughulikia jambo hili mwenyewe. Aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza, "Kamba hii ni ya nini?" Wakamwambia ni ya Zaynab, akichoka katika swala hujishikilia hapo. Akasema: "Ifungueni. Kila mmoja wenu aswali akiwa na uchangamfu, akichoka akae." Wameipokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas (r.a.). Zaynab (r.a.) alikuwa anatafuta kheri, hakuna shaka. Lakini ibada ya kujining'iniza kwenye kamba, Mtume (s.a.w.) hakuiacha iendelee hata usiku mmoja zaidi. Vijana wengi leo wanatafuta kamba: video za kuwatia hamasa, ratiba za rangi, kujitangazia adhabu wakikosa. Siwakatazi vyote hivyo. Nasema tu kuwa mzigo usiobebeka bila kamba unahitaji kupunguzwa.

Na ukitaka kujua upunguzwe hadi wapi, msome Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.), huyuhuyu mpokezi wa hadithi ya kuchangamka na kupoa. Ujanani alikuwa akifunga kila siku na kuisoma Qur'ani yote kila usiku. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Akamwambia afunge siku tatu kila mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi. Akaongezewa, akaomba zaidi, hadi akafika kwenye saumu ya Nabii Daud (a.s.), siku moja kufunga na siku moja kula, na kuikhitimu Qur'ani kwa siku saba. Alipozeeka akawa anasema: "Laiti ningeikubali ruhusa ya Mtume wa Mwenyezi Mungu."

Kilichonivutia zaidi ni aliyoyafanya katika uzee huo. Bukhari anaeleza kuwa ile sehemu yake ya Qur'ani aliyotaka kuisoma usiku, alikuwa akiipitia mchana mbele ya mmoja wa watu wa nyumbani kwake ili usiku iwe nyepesi. Na akitaka kupata nguvu, alikuwa anaacha kufunga siku kadhaa, anazihesabu, kisha anafunga idadi ileile, kwa kuchukia kuacha jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alimwacha nalo. Hapo utaona mzee asiye na ari ya ujana wake, lakini hajaacha kitu. Ameisogeza kazi ya usiku mchana, amepumzika bila kuona haya, na hesabu ya deni lake anayo.

Na hapo ndipo ulipoteleza wewe, ndugu yangu. Kukosa siku mbili hakukukuharibia hifdhi. Kilichoharibu ni haya iliyokuzuia kuufungua msahafu siku ya tatu. Haya hiyo usiidhanie kuwa ni uchamungu. Haya ya kweli humrudisha mja kwa Mola wake, na inayomkimbiza mbali na kitabu Chake inatoka kwa shetani. Umar bin al-Khattab (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.): "Atakayelala akapitwa na uradi wake au sehemu yake, kisha akausoma baina ya Swala ya Alfajiri na Swala ya Adhuhuri, ataandikiwa kana kwamba ameusoma usiku." Ameipokea Muslim. Uone ukarimu huu, kisha uone na mpaka wake: fidia imewekwa karibu sana, saa chache tu. Hakuna kungoja Jumatatu, wala mwezi uandame, wala kununua daftari jipya na kuchora ratiba mpya. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kwa mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.), usingizi au maumivu yakimzuia na kisimamo cha usiku, alikuwa akiswali mchana rakaa 12. Na aliyezuiwa na maradhi au safari, imesihi katika Bukhari kuwa huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na yuko mjini kwake. Faida hiyo anaipata mwenye mazoea, kwa hiyo jenga mazoea hata yakiwa madogo.

Basi nakushauri hivi. Katika malengo yako matano, shika mawili tu kwa sasa, hifdhi na masomo. Mengine yatafuata. Hifdhi ishushe hadi nusu ukurasa. Msahafu wa kawaida una kurasa 604, kwa hiyo nusu ukurasa kwa siku ni siku 1,208, yaani kama miaka mitatu na miezi minne. Najua umri wa ujana unaiona miaka hiyo ni mingi. Lakini Qur'ani yenyewe iliteremshwa kwa takriban miaka 23, na makafiri waliposema mbona haikuteremshwa yote kwa mara moja, walijibiwa katika Suratul Furqan, aya ya 32: "Ndivyo hivyo, ili kwayo tuuthibitishe moyo wako." Ikiwa moyo wa Mtume (s.a.w.) ulithibitishwa kwa kidogo kidogo, moyo wangu na wako unahitaji zaidi.

Kisha chini ya hiyo nusu ukurasa weka kiwango cha siku mbaya: aya moja, pamoja na kurudia ulichohifadhi jana. Hicho usikiache ukiwa na akili zako. Ukiwa na nguvu, panda hadi nusu ukurasa, na usipande zaidi hata ukijisikia unaweza, mpaka upite mwezi mzima bila kukatika. Wakati wake ufunge kwenye swala, kwa sababu swala utaiswali kwa hali yoyote. Baada ya Alfajiri ndiyo bora, na Mtume (s.a.w.) ameuombea umma wake baraka katika asubuhi yake. Tafuta pia mwenzio mmoja wa kumsomea. Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa akimwambia mwenzake, "Keti nasi tuamini saa moja," na hao ni watu waliokuwa na imani kama milima.

Masomo ya uhasibu nayo usiyatenge na dini. Katika hadithi ya Muslim, Mtume (s.a.w.) alisema muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri. Kisha akaagiza: "Fanya pupa kwa lile linalokufaa, umtake msaada Mwenyezi Mungu, wala usijivunje." Riziki ya halali ya kutunza wazazi na familia ni katika yanayokufaa. Tia nia hiyo, na saa zako za kusoma zitakuwa katika mizani yako. Na ukifeli mtihani, hadithi hiyohiyo inakukataza kusema "laiti ningefanya hivi na hivi," kwani hilo hufungua kazi ya shetani. Sema, "Mwenyezi Mungu amekadiria, na alilotaka amelifanya," urudi kwenye vitabu. Na shikamana na dua ambayo Anas (r.a.) alimsikia Mtume (s.a.w.) akiikithirisha: "Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan, wal 'ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhala'id dayni wa ghalabatir rijaal." Yaani: Ewe Mwenyezi Mungu, najikinga Kwako na wasiwasi na huzuni, kutoweza na uvivu, ubakhili na woga, na uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu.

Umeniuliza pia, kwa namna, kuhusu kiapo cha simu. Umesema "Wallahi," umekusudia, kisha umevunja, kafara (fidia ya kuvunja kiapo) inakulazimu. Imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi kwa wastani wa mnavyowalisha watu wenu, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, asiyepata ndiye anayefunga siku tatu. Wengi hukimbilia kufunga moja kwa moja, na hilo si sahihi kwa mwenye uwezo wa kulisha au kuvisha. Ukiwa huna uwezo huo, funga. Katika madhehebu ya Imam Shafii si lazima siku hizo zifuatane, na ukizifuatanisha umetoka katika khitilafu ya wanazuoni. Kafara ni moja, kwa kuwa kiapo kilimalizika ulipokivunja mara ya kwanza. Usiku uliofuata hauna kafara nyingine isipokuwa kama uliapa upya. Na tangu leo, lengo unalotaka kulifikia usiliapie wala usiliwekee nadhiri.

Wallahu a'lam.