Mteja wangu anachukiwa na umma, niseme nini kwa waandishi?

Wakili mwenzangu, unauliza kama uwajibu waandishi wanaokuvizia nje ya mahakama, maana mteja wako wa kesi ya mauaji ameshahukumiwa mitaani. Mimi ningenyamaza. Ukitangaza leo kwamba hakuwepo eneo la tukio, kesho kumbukumbu za simu zikaonyesha alikuwepo, umemmaliza mwenyewe, tena bure, kwani mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka. Matusi utayazoea. Mwaka 1770 wakili John Adams, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliwatetea askari 8 wa Uingereza walioshtakiwa kwa mauaji ya raia mjini Boston, mji ukiwaka hasira. 6 waliachiwa huru. Ndugu wa mteja nao waonye mapema wasiandike chochote mitandaoni. Hao, kusema kweli, hunisumbua kuliko waandishi.