Breki zilitoa moshi Mlima Sekenke, nimeshabadilisha pedi. Inatosha?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikuwa natoka Dodoma kwenda Nzega na Noah ya otomatiki, watu saba na mizigo. Kushuka Sekenke kuelekea Shelui nikaweka nyutro kubana mafuta. Katikati ya mteremko pedali ikawa laini, ikazama hadi chini, magurudumu yakafuka moshi. Hendibreki ndiyo iliyoniokoa. Kijana mmoja akayamwagia maji, baada ya muda pedali ikarudi, tukaendelea na safari. Pedi nimeshabadilisha. Inatosha? (Msomaji, Kizota)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi. Nashukuru mko hai.

Hii nyutro inanichosha roho. Dereva anamfundisha utingo, utingo akipata leseni anamfundisha mwingine, na wote wanaamini wanabana mafuta. Hawabani chochote! Kwenye injini ya EFI kama yako, yaani inayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli za kupuliza mafuta na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, nozeli zinafunguka tena ili injini isizimike. Kwa hiyo ulichoma mafuta zaidi, na uzito wote wa gari ukauachia breki peke yake. Wapo hata wanaozima injini kabisa. Hao wanapoteza nguvu ya kusaidia breki, usukani nao unakuwa mzito kama jiwe.

Pedali ilizama kwa sababu mafuta ya breki yalichemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa taratibu. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi pedi. Yakipoa pedali inarudi, nawe unadhani umepona. Maji yale yale bado yamo kwenye mabomba yako.

Marekani kuna barabara ya kupanda Pikes Peak hadi kileleni, mita 4,302. Magari yakishuka husimamishwa Glen Cove, wahudumu wanapima joto la breki, na zikiwa na moto mno dereva anaegesha zipoe zenyewe. Hakuna anayekuja na ndoo, kwa sababu diski yenye moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka.

Wewe, kabla mteremko haujaanza, zima O/D (gia ya juu kabisa), na mteremko ukiwa mkali shusha gia hadi 2 au L. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kisha kanyaga tena. Usiegemeze mguu hapo mlima mzima.

Na hawa wanaojiita mafundi wa njiani: wakiona kikopo cha breki kimepungua wanajaza oili ya injini, au haidroliki ya usukani, kwa kuwa "yote ni mafuta". Oili hiyo huvimbisha mipira ya breki, na breki hugoma siku nyingine kabisa, wakati aliyekujazia hata sura yako ameshaisahau. Nimefungua masta silinda (pampu kuu ya breki) nyingi za namna hiyo, mipira imekuwa kama uji.

Lete gari tumwage mafuta yote ya breki, tuweke mapya, tupime diski. Ila waulize kwanza uliokuwa nao: yule kijana alifungua boneti? Kama aliongeza chochote, usiliendeshe hata kuja kwangu. Livutwe.