Poka ya mtandaoni ukiwa Seattle: usitumie akaunti ya rafiki wa New Jersey

Ndugu, umeuliza kama unaweza kucheza poka, mchezo wa karata, kwa pesa kwenye mtandao ukiwa Seattle kwa akaunti ya rafiki yako aliyeko New Jersey, maadamu kwake ni halali. Hapana. Sheria inayokuhusu ni ya jimbo ulilomo wakati unacheza. Akaunti imefunguliwa wapi haikusaidii.

Na umeangukia jimbo baya. Tangu 2006, jimbo la Washington, ambamo Seattle imo, huhesabu kamari ya intaneti kuwa kosa kubwa la jinai la daraja C: kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 10,000. Ni nadra mchezaji wa kawaida kushtakiwa, ila sheria ipo. Kama unaomba uraia, jihadhari zaidi: kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa ya kamari katika kipindi kinachoangaliwa huvunja sharti la tabia njema.

VPN, yaani programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, haitakuokoa. Tovuti zenye leseni hukagua mahali simu ilipo kwa GPS na Wi-Fi, na kuazimana akaunti ni marufuku. Wakigundua hufunga akaunti na kuzuia salio, kwa hiyo rafiki yako naye anaumia.

Ukisafiri kwenda New Jersey, Nevada, Michigan au Pennsylvania, fungua akaunti yako mwenyewe. Ukazi hauhitajiki, ila uwe na miaka 21, kitambulisho na namba ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani). Ushindi hutozwa kodi, basi andika kila kikao. Ukiwa nyumbani Washington, nenda vyumba vya kuchezea karata vyenye leseni au kasino za makabila ya Wahindi Wekundu.