Mpaka Usio na Ukuta: Kubuni Mji wa Hadithi ya Upelelezi

Hadithi yangu ya kwanza ya upelelezi niliiweka katika mji wa kubuni wenye ukuta katikati. Nilichora ramani, nikaupa mji mto, bandari na masoko mawili, nikapanga walinzi juu ya ukuta. Miezi minne ilikwenda hapo. Rafiki yangu alipomaliza kuisoma aliniuliza swali moja tu: "Huyu marehemu wako angeuawa Morogoro, kingebadilika nini?"

Hakuna. Ukuta ulikuwa pambo. Mpelelezi wangu alikuwa na kibali, na kila alipofika alifunguliwa geti.

Kwa hiyo usianze na ramani. Anza na neno ambalo mtu wa upande mmoja hathubutu kulitamka mbele ya mtu wa upande wa pili, hata kama ushahidi anao mkononi. Hapo ndipo kesi inapokwama, na hadithi ya upelelezi inaishi kwa kukwama.

Aliyenifungua macho ni mwandishi Mwingereza China Miéville, katika riwaya yake The City & the City ya mwaka 2009. Miji miwili, Besźel na Ul Qoma, imekaa mahali pamoja, na baadhi ya mitaa imeingiliana kabisa. Wakazi wanafundishwa tangu utotoni kutouona mji wa pili: nyumba zake, magari yake, hata mtu anayewapita ubavuni. Anayekiuka anachukuliwa na chombo kinachoogopwa kuliko polisi. Inspekta Borlú anapoletewa maiti ya mwanamke, kumtafuta muuaji peke yake hakutoshi, lazima pia ajue kosa limefanyika katika mji upi. Mpaka wenyewe ndio fumbo.

Kitabu kile kilinirudisha Dar es Salaam. Nimevuka Mnazi Mmoja maisha yangu yote, kutoka Posta kwenda Kariakoo, nikidhani ni uwanja tu. Kumbe ule uwazi uliachwa makusudi kutenganisha watu. Wajerumani, kisha Waingereza, waliugawa mji kwa sheria za ujenzi: huku nyumba za Kizungu, kule vibanda. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kinachonishtua mpaka leo ni kwamba sheria zile kwa sehemu kubwa zilitaja aina ya nyumba, si aina ya mtu. Asiye na uwezo wa kujenga nyumba iliyotakiwa alijikuta upande wa pili, na hakuna karatasi iliyosema amefukuzwa.

Sheria za mji wako ziandike hivyo. Ziandike kweli, kifungu kwa kifungu, kama karani angeziandika, na uzipe sababu ambayo mtu mwema angeikubali: usafi, afya, hatari ya moto. Hata kama msomaji hatakiona kifungu hata kimoja, wewe utajua mhusika anaogopa nini.

Kisha mtafute anayevuka kila siku. Mtaani kwetu kulikuwa na mama aliyeuza maandazi kwenye nyumba za wakubwa. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa getini, ndoo nyeupe kichwani, imefunikwa kitambaa. Mlinzi hakumuuliza "unakwenda kwa nani?", swali ambalo mimi niliulizwa kila nilipopita. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akahesabu maandazi, akasikia nani aligombana na nani usiku, akaona gari ambalo jana halikuwepo. Mle ndani hakuna aliyelijua jina lake.

Nilipoiandika hadithi upya, siri ya mauaji nilimpa yeye. Katika mji wangu mtu wa ng'ambo haruhusiwi kuingia kabla ya jua kuchomoza. Kila mtu anajua mama anaingia, na kila mtu anakula maandazi yake. Lakini akisimama mahakamani kusema alichokiona, atakuwa amekiri kuvunja sheria kwa miaka 20, na mlinzi aliyempitisha ataanguka pamoja naye. Mpelelezi anamhitaji. Akimwita, anamfilisi.

Na tumia lugha yetu, maana ina vipimo vya utu ambavyo ukuta hauna. Nilitafuta muda mrefu namna ya kuonyesha nani yuko juu ya nani katika mji ule, nikajaza kurasa za maelezo. Mwishowe niliyafuta yote nikabakiza kitu kimoja: mama wa miaka 60 anamwambia kijana wa miaka 22 "shikamoo", na kijana anaitikia "marahaba" bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Rafiki yangu alipofika hapo alikiweka kitabu chini kwanza.

Sura ya mahakamani nimeiandika mara tatu. Mara mbili mama alisema yote. Ile ya tatu, ambayo nimeamua kuiacha, hakimu anamuuliza jina lake, naye anakunja kanga na kutazama mlango.