Mabaki ya uyoga kwenye bustani ya mboga

SWALI: Jirani yangu hapa Mikindani, Mtwara, hulima uyoga wa mamama katika mifuko ya mabua ya mpunga, na akimaliza kuvuna hunipa mabaki. Niliyamwaga kwenye kitalu cha mchicha, miche ikapauka na kuungua kingo za majani. Je, niyatupe?

JIBU: Usiyatupe, ndugu msomaji. Mchanga wa pwani yetu hupitisha maji kama chekecheo, na mboji ndiyo dawa yake; ila mabaki mabichi huweza kuwa na chumvi nyingi, na vijidudu vinavyoendelea kuyaozesha huinyang'anya miche naitrojeni, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuponza. Toa plastiki yote, rundika mabua kivulini, uyanyeshee na kuyageuza kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mvua za Desemba zikiyakuta nje, zitakuoshea chumvi bure. Yatakuwa tayari yakishakuwa meusi, yanayovunjikavunjika kiganjani na kunukia udongo wa msituni. Hapo changanya sehemu moja ya mboji hiyo na sehemu tatu za udongo, kina cha sentimita 15.

Muulize pia jirani kama alitia chokaa kwenye mabua hayo. Iwapo bustani yako ilikuwa shamba la mikorosho iliyopigwa salfa ya unga kwa miaka mingi, huenda udongo umekuwa na tindikali, na chokaa hiyo, ambayo hupunguza tindikali, itakufaa.