Maharagwe yanamaliza gesi: ninunue presha kuka ya stima?

SWALI: Mhandisi, naomba ushauri. Tuko wanne nyumbani. Mtungi wetu wa kilo 6 haufikishi mwezi, na nikichunguza naona maharagwe, githeri na nyama ndivyo vinavyoumaliza, maana navipika mara nne hivi kwa wiki. Kuujaza ni shilingi 1,500. Tokeni naweka za shilingi 500, napata uniti 24 na ushei, zinanitosha mwezi: taa, televisheni, simu, na birika la stima la lita 1.7 ambalo nalijaza asubuhi na jioni. Pale barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, nimeonyeshwa presha kuka ya stima ya lita 6, wati 1,000, kwa shilingi 9,000. Jirani ananiambia hapana, chukua eafraya (kile kioveni kidogo cha hewa moto) au jiko la induksheni. Mume wangu naye anasema wati 1,000 zitafagia tokeni zote. Nimsikilize nani? — Msomaji, Kahawa West.

JIBU: Dada, asante kwa kuniandikia na hesabu kamili. Wengi huniuliza bila kuniambia wanapika nini, na hapo ndipo jibu lote lilipo. Kwa vyakula ulivyovitaja, nunua presha kuka. Lakini kuna mtego mmoja kwenye bei ya stima ambao ni lazima uuepuke, nitakuonyesha.

Nianze na hofu ya mzee, kwa sababu ina msingi wake. Wati zinaonyesha kasi ya kula stima. Kiasi kinachotoka kwenye tokeni ni kasi hiyo mara muda ambao chombo kimewaka. Uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka saa nzima. Kama presha kuka ingewaka saa nzima bila kupumzika, angekuwa sahihi. Ila haifanyi hivyo. Ukiiwasha na maharagwe na maji, koili huwaka mfululizo dakika 20 hivi mpaka kile kidude cha juu ya kifuniko kinainuka na kuziba. Kuanzia hapo utasikia "tak", koili imezima. Inakaa kimya dakika kadhaa, "tak" tena, inawaka kidogo, inazima. Mvuke umefungiwa ndani na ubavu wa chombo una ukuta wa pili unaozuia joto lisitoroke, kwa hiyo hakuna cha kulipia ila kile kijoto kidogo kinachopotea. Chungu kizima cha maharagwe huishia karibu nusu uniti. Kwa bei unayonunulia wewe, hiyo ni shilingi 10 au 11.

Kwenye gesi, chungu hichohicho kinachemka saa mbili au zaidi na mvuke unajaa jikoni. Gesi utakayochoma ni kama gramu 200 kwa makadirio ya burna ndogo. Kwa bei ya mtungi wako, kilo ni shilingi 250, kwa hiyo maharagwe ya siku moja yanakula shilingi 50. Mara 16 kwa mwezi ni shilingi 800, zaidi ya nusu ya mtungi. Stima ya kazi hiyohiyo ni uniti 8, kama shilingi 170. Unabaki na shilingi 630 hivi kila mwezi, na ile 9,000 inarudi kwa muda wa miezi 14 au 15. Ukiwa unaloweka maharagwe usiku kucha, muda unapungua pande zote mbili, kwa hiyo usitarajie akiba kubwa kuliko hiyo.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu wa Mombasa hawalioni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi zaidi. Maji yanachemka yakiwa na nyuzijoto 94 hivi, wakati pwani yanafika 100. Hata ukiongeza moto wa gesi mpaka sufuria itetemeke, maji hayavuki hapo. Unachoongeza ni mvuke tu. Ndiyo maana githeri ya Nairobi inakaa motoni kwa muda mrefu hivyo. Presha kuka inavuka kizuizi hicho: ndani yake maji yanafika nyuzijoto 110 na kitu, na punje ngumu ya mahindi haina pa kujificha. Kwa mtu wa nyanda za juu, chombo hiki kina faida kuliko kwa mtu wa pwani. Ningependa sana kila nyumba inayopika githeri ilijue hili kabla ya kununua chombo kingine chochote.

Sasa mtego. Stima ya nyumbani inauzwa kwa ngazi. Kwa mujibu wa bei zilizoanza Aprili 2023, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi yuko ngazi ya chini, wa 31 hadi 100 yuko ya kati, na zaidi ya 100 yuko ya juu. Wanachoangalia Kenya Power ni wastani wa miezi mitatu, na ukivuka, uniti zako zote zinapanda bei, hata zile 30 za kwanza. Kati ya ngazi ya chini na ya kati tofauti ni shilingi nne hivi kwa kila uniti kabla ya kodi. Wewe uko 24. Ongeza 8 za presha kuka, umefika 32. Kwa sababu ya uniti mbili tu, shilingi 150 na zaidi za ile akiba zinapotea kila mwezi.

Dawa iko kwenye birika. Kuchemsha lita moja ya maji hapa Nairobi kunakula karibu uniti 0.1. Wewe unajaza lita 1.7 asubuhi na jioni, na kwa chai ya watu wanne lita moja inatosha kabisa. Zile desilita saba za ziada, mara mbili kwa siku, kwa mwezi zinafika uniti 4. Pima maji kwa kikombe kabla ya kuyamimina, na kama unataka ya baadaye yatie kwenye thamosi badala ya kuchemsha upya. Ukifanya hivyo unatoka 24 unashuka 20, unaongeza 8, unakaa 28. Umebaki ngazi ya chini na presha kuka yako iko jikoni.

Birika lenyewe halina kosa. Kwa kuchemsha maji tu linashinda gesi na maikrowevu, kwa sababu koili iko ndani ya maji au imeshikana na kitako cha birika, na joto karibu lote linaingia kunakotakiwa.

Kuhusu ushauri wa jirani: eafraya ni nzuri kwa kuku na viazi, na inaokoa mafuta. Ukiwa na oveni kubwa ya stima ningekwambia uichukue leo. Lakini haichemshi githeri, kwa hiyo haigusi shida yako. Jiko la induksheni linatumia stima vizuri, ila linapasha chuma chenye sumaku peke yake. Chukua kisumaku chochote ukibandike chini ya sufuria zako. Zile za alumini tunazonunua Gikomba na kila duka la vyombo hakitashika hata moja. Ungelazimika kununua sufuria upya. Tena chungu cha wazi kwenye induksheni bado kinachemka nyuzijoto 94.

Gesi usiiache. Ugali, chapati, mayai na sukuma wiki ni kazi ya dakika chache inayohitaji moto unaouona na kuupunguza kwa mkono. Ziache hapohapo.

Ukienda kununua, fungua kifuniko uangalie pete ya mpira. Uliza kama pete hiyo inapatikana peke yake na bei yake, maana ndiyo itakayochakaa kwanza, na pete ikivujisha mvuke koili haipumziki na hesabu yangu yote inavurugika. Usijaze zaidi ya nusu ukipika maharagwe, kwa sababu yanavimba na povu linaweza kuziba tundu la mvuke. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba na televisheni.

Na umwonyeshe mzee kwa mita. Siku ya kwanza zima kila kitu kingine, soma uniti zilizobaki, pika maharagwe, soma tena. Ikizidi uniti 0.7, niandikie tena uniambie maji ulitia kiasi gani na kama ulikuwa umeloweka maharagwe.